Uongo unaruhusiwa mmoja tu: hadithi za sayansi zinavyotungwa

Watu wengi wakifikiria mwandishi wa hadithi za sayansi wanamwona kama mtu aliyeruhusiwa kila kitu. Yaani ukishasema hadithi yako iko mwaka 2300 basi umemaliza, weka chombo kinachoruka mpaka kwenye nyota, weka roboti linalolia, weka kiumbe chenye macho sita, nani atakubishia? Na mimi nilidhani hivyo hivyo mpaka nilipokaa kuandika ya kwangu, nikafika ukurasa wa nane hivi shujaa kakwama, nikampa silaha mpya ambayo kumbe alikuwa nayo mfukoni siku zote, ukurasa wa kumi na mbili kakwama tena nikampa nyingine, alafu nikampa rafiki yangu asome. Alinirudishia karatasi akauliza swali moja tu: "Sasa huyu atashindwaje?"

Sikuwa na jibu.

H.G. Wells, aliyeandika habari za mashine ya kusafiri kwenye wakati huko 1895, alikuja kulieleza tatizo hilo miaka ya 1930 alipokuwa anazitazama upya kazi zake za ujanani. Hoja yake kwa maneno yangu ni kwamba msomaji atakubali jambo moja lisilowezekana ukimsaidia kulimeza, lakini baada ya hapo kila kitu kingine kiwe cha kawaida na cha kibinadamu, manake mahali ambapo lolote linaweza kutokea hamna kinachovutia tena. Wasomi wa fasihi nao wana jina lao, Darko Suvin kwenye kitabu chake cha 1979 analiita novum, Kilatini hicho, kitu kipya, yaani ile tofauti moja kati ya dunia ya kwenye hadithi na hii yetu, tofauti inayoibeba hadithi nzima. Mimi naita uongo mmoja, inanitosha. Unadanganya mara moja, alafu unakaa unaulipia ule uongo mpaka ukurasa wa mwisho, na huko kulipa ndo kazi yenyewe.

Tuuchukue uongo mmoja tuone. Tuseme kuna kidude kidogo kila mtu anacho kwenye simu yake, mtu akisema uongo karibu nacho kinawaka taa nyekundu. Hakikosei kamwe. Huo ndo uongo wetu, hatuongezi mwingine.

Anayeanza kuandika atafanya nini na hicho kidude? Polisi wamemkamata muuaji, anakana, taa inawaka, mwisho. Au mume anasema alikuwa kazini, taa inawaka, ndoa imekwisha. Hiyo ni hatua ya kwanza na msomaji ameshaifikiria kabla hata hujamaliza kumwelezea kidude chenyewe. Utamu uko hatua ya tatu, ya nne, kule ambako inabidi ukae na kalamu unajiuliza maswali ya kipuuzi. Kwa mfano, kinatambua nini hasa? Kinatambua uongo, hakitambui kosa. Mtu anayeamini kitu ambacho si kweli akikisema kwa moyo wake wote taa haiwaki. Ohoo. Basi mimi kama ni bosi mwenye siri siendi kwenye mkutano mwenyewe, natuma mtu niliyemdanganya mimi, akaseme anachoamini. Lakini subiri, na yeye si ana kidude, nitamdanganyaje? Kwa barua. Kidude kinasikia sauti, hakisomi karatasi. Kwa hiyo ghafla tuna dunia ambayo maandishi yamekuwa kitu cha kutilia shaka, mkataba wa karatasi hauna thamani mpaka usomwe kwa mdomo mbele ya taa, na kuna ajira mpya kabisa ya mtu asiyejua kitu, analipwa vizuri ili asiulize, anapewa bahasha asubuhi, anakwenda kusema kwa moyo mweupe yaliyomo. Na wanasiasa? Hao watajifunza kuongea kwa maswali matupu, kwa sababu swali haliwezi kuwa uongo.

Alafu kuna salamu, hapa nilicheka peke yangu. Habari za asubuhi? Nzuri. Taa. Hujambo? Sijambo. Taa. Nchi nzima ingekuwa inamulika kila siku kabla ya saa mbili asubuhi. Sasa watu hawataacha kusalimiana, binadamu hawako hivyo, wataweka adabu mpya, labda kabla ya kumsalimia mtu unafunika kidude chako kwa kiganja, ni heshima, unamwambia bila kumwambia kwamba sikuchunguzi. Mtoto anafundishwa kufunika kama anavyofundishwa kushika kitu kwa mkono wa kulia. Na mtu asiyefunika mbele ya wakwe, huyo hana malezi.

Umeona tulikofika? Tulianza na polisi na muuaji, sasa hivi tuna kiganja juu ya simu, na hicho kiganja kina hadithi nyingi kuliko muuaji. Hapo ndo mwandishi anaanza kusikia moto kidogo. Shikilia hicho kiganja, tutarudi.

Kidude chetu lakini ni rahisi, hakigombani na fizikia waziwazi. Ukipeleka hadithi angani unakutana na namba, na namba hazina huruma. Mwanga unakwenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde na hakuna kinachoupita. Nyota iliyo jirani zaidi na Jua letu, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka ya nuru 4.24, maana yake huo mwanga wenyewe unachukua miaka minne na ushee kufika. Voyager 1, iliyorushwa 1977, inakwenda kama kilomita 17 kila sekunde, ni mwendo wa kutisha, na bado umbali huo ungeichukua kama miaka 75,000. Wewe shujaa wako anataka kufika baada ya wiki mbili maana ana miadi.

Watu wa nje wanadhani hapo mwandishi anachagua injini. Hapana, anachagua hadithi. Ukisema chombo kiende polepole na watu wazaliane humo ndani vizazi na vizazi, hadithi yako itahusu watoto waliozaliwa njiani ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kwenda. Ukiwalaza usingizi wa barafu, itahusu yule mmoja aliyeamka mapema. Ukikimbiza chombo karibu na kasi ya mwanga, muda wa walio ndani unapungua mwendo ukilinganisha na wa waliobaki, hilo ni jambo la kweli la Einstein wala si ubunifu, kwa hiyo mama anarudi bado kijana anamkuta mwanawe kikongwe. Na ukiamua waruke tu papo hapo kwa njia ya mkato angani, sawa, huo ndo uongo wako mmoja, umeutumia, usije ukaniletea na watu wanaosoma mawazo. Ursula K. Le Guin mwaka 1966 alibuni kifaa alichokiita ansible, kinapeleka ujumbe papo hapo umbali wowote, ila safari za watu akaziacha ziwe ndefu. Fikiria maana yake. Watu wa sayari mbili wanaweza kuongea sasa hivi lakini kukumbatiana ni miaka mingi. Kifaa kimoja tu, na tayari kuna upweke ndani yake kabla mhusika yeyote hajafungua mdomo.

Hata hapa karibu kwenye Mirihi ni shida. Ujumbe wa redio kutoka huko unachukua kati ya dakika 3 na 22 hivi, inategemea sayari mbili ziko wapi kwenye mizunguko yao, kwa hiyo wapenzi hawawezi kugombana kwa simu, kila mtu anatupa maneno yake anasubiri, na akipata jibu hasira ya kwanza imeshapoa na ya pili imeanza. Au kile kituo cha anga kinachozunguka ili watu wasielee, kila mtu anakipenda, ila ukikifanya kidogo, tuseme mita 10 tu kutoka katikati mpaka ukutani, inabidi kizunguke mara 9 na nusu kwa dakika ili upate uzito wa duniani, wote watatapika. Ukitaka kizunguke mara 2 tu kwa dakika unahitaji mita kama 224. Hizi si namba za kumwonyesha msomaji, ni za kukuonyesha wewe chumba cha wahusika wako kina ukubwa gani.

Na wakubwa wanakosea pia, usiogope. Jules Verne mwaka 1865 alituma watu kuelekea mwezini kwa kuwafyatua na mzinga mkubwa, ambapo kusema kweli mshtuko wa kufyatuliwa tu ungewamaliza wote. Andy Weir alianza ile riwaya yake ya mtu aliyeachwa peke yake Mirihi kwa dhoruba inayotaka kuangusha roketi, wakati hewa ya Mirihi mgandamizo wake haufiki hata asilimia 1 ya huku kwetu, upepo wa kule hauwezi kuangusha kitu kama hicho. Alijua, na ameshasema hadharani kwamba alijua, alihitaji tu sababu ya kumwacha yule jamaa nyuma. Ukiiangalia vizuri ule ndo uongo wake mmoja, baada ya hapo maji, oksijeni, viazi, vyote vimepigiwa hesabu, na alipokuwa anazitoa sura moja moja mtandaoni wasomaji wake wenye ujuzi walikuwa wanamsahihisha. Mimi hiyo dhoruba nimemsamehe kabisa.

Haya, umeshajua dunia yako ilivyo, una daftari zima la mambo ya kidude, sheria zake, adabu zake. Utamwambiaje msomaji? Hapa ndo wengi wanaanguka, wanamwaga maelezo. Unakutana na wahusika wawili wamekaa, mmoja anasema "kama unavyofahamu, daktari, tangu kidude kilipoanza kutumika..." sasa kama anafahamu unamwambia wa nini? Hakuna mtu anayeelezea jokofu akifungua jokofu. Mfano unaotajwa sana ni wa Robert Heinlein, kwenye riwaya yake ya 1942 kuna mlango ambao haufunguki kama milango tunayoijua, unatanuka kama mboni ya jicho gizani, na yeye anasema ulitanuka, basi, anaendelea na safari yake kama vile milango yote duniani iko hivyo. Msomaji anashtuka kidogo, anajaza mwenyewe. Kusoma hadithi za sayansi kwa kiasi fulani ni huko kujaza, ndo maana asiyezizoea anaona kama amekosa kurasa za mwanzo.

Majina nayo yanabeba mzigo mkubwa. Neno roboti limetoka kwenye tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920, ile ya watumwa wa kutengenezwa wanaowaasi binadamu, na wazo la jina lilikuwa la kaka yake Josef, wamelitoa kwenye neno la Kicheki robota, kazi ya kulazimishwa, ile ya mtwana kwa bwana wake. Kwa hiyo uasi wa hao watumwa wa kutengenezwa ulishakuwemo ndani ya jina tangu mwanzo. Kidude chetu je? Mwandishi mvivu atakiita Kitambuzi cha Uongo Namba 7. Lakini watu wa mtaani hawaiti vitu hivyo, watakiita taa. "Usiniwashie taa mwenzio." "Jamaa kawaka mbele ya bosi." Ukishapata msemo ambao mtoto wa shule angeutumia kumtania mwenzake, dunia yako imeanza kupumua na kurasa tano za maelezo unaweza kuzichana.

Kuna hili la utabiri, siwezi kulikwepa maana kila mtu analileta. Mwaka 1914 Wells aliandika juu ya mabomu ya atomiki, mwanafizikia Leo Szilard akaisoma riwaya hiyo mwaka 1932 na mwaka uliofuata akapata wazo la mnyororo wa mimenyuko ya nyuklia, mmoja unazaa mwingine. Mwaka 1944 jarida moja la hadithi Marekani lilitoa kisa cha Cleve Cartmill kinachoelezea bomu la urani kwa kina, wakati bomu la kweli linatengenezwa kwa siri, maafisa wa usalama wakamfuata mwandishi na mhariri wake John W. Campbell kuuliza nani kawaambia, kumbe habari zenyewe walizipata kwenye machapisho ya sayansi ambayo mtu yeyote angeweza kuyasoma. Ni visa vitamu, ila vinapotosha. Kwa kila kimoja kilicholenga kuna rundo lililokosa, kuna hadithi za miaka ya 1950 ambazo watu wanaruka kati ya nyota huku wanapiga hesabu za njia kwa vitabu vya majedwali. Le Guin mwaka 1976 alisema wazi kwamba kazi yake si kutabiri, anaelezea kilichopo. Mimi nipo upande wake. Octavia Butler mwaka 1993 alitoa riwaya inayoanza mwaka 2024, ina joto, moto, maji ya shida, watu wamejifungia nyuma ya kuta, na watu walipofika 2024 yenyewe wakasema mama huyu alikuwa nabii. Wala. Aliangalia matatizo yaliyokuwa mbele ya macho yake ambayo hakuna aliyekuwa anayashughulikia, akayaacha yakue miaka thelathini. Ni ile ile hatua ya nne.

Na huyo Butler ndo mtu wa kumwangalia kama unataka kujua maisha yenyewe yakoje, maana picha ya mwandishi aliyekaa ofisini anatazama nyota dirishani siyo. Alikuwa anaamka saa nane usiku anaandika, alafu anakwenda kwenye vibarua, kuosha vyombo, kukagua viazi vya kukaanga kiwandani, kupiga simu za kuuza bidhaa. Mwaka 1970 alihudhuria Clarion, ile warsha ya wiki sita ambayo waandishi wachanga wanasomeana na kukosoana bila huruma, akauza hadithi zake za kwanza, akadhani mambo yameiva, kumbe ikapita miaka mitano kabla ya kuuza neno lingine. Miaka mitano! Na alikuwa akisema kwamba mazoea ya kukaa kila siku ni ya kutegemewa kuliko msukumo wa moyo. Mwaka 1995 akapata tuzo ya MacArthur, mwandishi wa kwanza wa hadithi za sayansi kuipata, lakini hiyo ni miaka 25 baadaye.

Wengine wana kazi zao kabisa. Liu Cixin wa China aliandika akiwa mhandisi wa kompyuta kwenye kituo cha kufua umeme mkoani Shanxi, na mwaka 2015 riwaya yake ikashinda Hugo, tuzo kubwa ya hadithi za sayansi. Ted Chiang alikuwa anaandika miongozo ya kiufundi, ameanza kuchapisha 1990 na mpaka zaidi ya miaka thelathini baadaye hadithi zake hazijafika 20, ila kila moja watu wanaisubiri. Huyu ana tabia moja naipenda, haanzi mpaka ajue mwisho, aya ya mwisho anaiandika mapema alafu ndo anajenga kurudi nyuma. Nimejaribu. Inaumiza kichwa, lakini shujaa hakwami ukurasa wa nane.

Februari 2023 jarida la Clarkesworld, moja ya majarida makubwa ya hadithi hizi, lilifunga mlango kwa muda lisipokee kazi, kwa sababu lilifurika mamia ya hadithi zilizoandikwa na programu za akili mnemba na watu waliotaka hela ya haraka. Ndio, kejeli iko hapo, jarida la hadithi za sayansi kuvamiwa na mashine. Mhariri wake alisema nyingi zilikuwa mbovu na rahisi kuzijua, nyingine hata kichwa cha hadithi kilikuwa kinajirudia kile kile. Sishangai. Ukiziambia zikupe hadithi ya kidude cha uongo, kwa kawaida zitakupa ya polisi na muuaji, hatua ya kwanza, imeandikwa kwa lugha safi, taa inawaka, mwisho. Binadamu mvivu naye anatoa hiyo hiyo, tuseme ukweli.

Turudi kwenye kiganja. Una daftari lako, una bahasha, una mtu asiyejua kitu, una salamu, mkataba unaosomwa kwa mdomo, misemo ya mtaani. Sasa unatafuta nani anaumia zaidi kwenye dunia hii, hilo ndo swali linalokupa mhusika. Nilizunguka sana. Mwanasiasa haumii, amezoea. Bosi haumii, ana watu. Mwishowe nikamfikia mama mwenye mtoto wa miaka saba, mtoto ni mgonjwa sana, yuko kitandani, anamuuliza mama, nitapona? Mama akisema ndio bila kufunika, taa itawaka. Akifunika kidude kabla ya kujibu, mtoto ana miaka saba, ameshafundishwa adabu, anajua watu wanafunika lini. Akinyamaza ndo kabisa.

Siku tatu nilikaa na huyo mama sijui afanye nini. Alafu nikakumbuka kwamba kidude hakisomi karatasi, na mtoto wa miaka saba ndo kwanza anajifunza kusoma. Nikafuta polisi, nikamfuta bosi na mtu wake wa bahasha ingawa nilimpenda sana, nikafuta maelezo yote ya jinsi kidude kinavyofanya kazi, na hadithi sasa inaanza hivi:

"Usiku ule mama aliniandikia barua, akiwa amekaa kitandani pangu."